Mwani Uliolimwa Kabla ya Kuliwa: Kutoka Paje hadi Hasamba

Neno mwani ni la kale katika Kiswahili cha mwambao, lakini limeishi nje ya nyumba. Ni neno la ufukweni. Mwani ni kile kinachosukumwa na mawimbi, kinachonasa katika nyavu, kinachoteleza chini ya nyayo za waokota chaza na wachokoa pweza. Ukimwomba mpishi wa Unguja au wa Pemba akutajie mboga zake, atakuhesabia mchicha, kisamvu, matembele, mnavu na majani ya kunde, mwani hautakuwamo. Jambo hili si dogo. Orodha ya majina yaliyomo jikoni ni historia ya watu iliyoandikwa bila ya wino, na neno lisilopata kuvuka kizingiti cha jiko nalo lina habari ya kutueleza juu ya wenye lugha.

Makala haya yanafuata swali moja. Imekuwaje watu wa visiwa hivi, ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa mwani barani Afrika, waulime bila ya kuula? Swali hilo haliwahusu watu wa visiwani peke yao. Siku hizi mkulima wa bara naye anahimizwa kuotesha nyumbani mwake mwani wa kula, ule mdogo wa maji ya magadi uitwao spirulina, kwa ajili ya lishe ya watoto na kwa kuionea huruma ardhi iliyochoka. Basi ili swali lisibaki likielea, tulipime kwa mahali pawili: Paje, ufukwe wa mashariki ya Unguja, na Hasamba, kata iliyo mbali na bahari, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe.

Hasamba iko katika nchi ya Wanyiha, juu ya uwanda wa Mbozi, kwenye upande wa nchi unaoelekea Tunduma na mpaka wa Zambia. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mambo mawili yanaiunga kata hiyo na Paje, ingawa wakazi wake wengi hawajapata kuonana. La kwanza ni kahawa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zenye kahawa nyingi nchini, na sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania hunywewa ng'ambo. Mkulima huichuma, huiosha, huianika na kuipeleka mizani, kisha hurudi nyumbani akanywa chai. La pili ni rovu, ule uvimbe wa shingo ambao kwa miaka mingi ulikuwa alama ya nyanda za juu, na ambao dawa yake ya kale ilitoka baharini. Kwa kahawa, Hasamba inafanana na Paje. Kwa rovu, ilikuwa na haja na kile ambacho Paje inacho. Tuanze na Paje.

Biashara ya mwani Zanzibar ni kongwe kuliko kilimo chake. Katika miongo ya katikati ya karne ya 20, wakazi wa pwani waliokota mwani uliojiotea wenyewe baharini, wakaukausha na kuuza kwa wafanyabiashara walioupeleka nje. Kitu kilichotafutwa ndani yake ni utomvu uitwao karajinani, unaofanya vimiminika kuwa vizito na kuvizuia visitengane. Utomvu huo huingia katika aiskrimu, maziwa ya chokoleti, dawa ya meno na vipodozi. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1960, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, alishirikiana na wakazi wa Ufilipino kutafuta namna ya kuulima mwani badala ya kuuokota. Njia ilipopatikana, mashamba ya Ufilipino yalilijaza soko, na mwani wa kuokota wa kwetu ukapoteza thamani.

Mtu aliyeyatazama mabadiliko hayo kwa jicho la Mwafrika ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alisomea shahada ya uzamivu Hawaii, na tangu miaka ya 1970 aliandika na kusisitiza kwamba fukwe za Tanzania zinaweza kulima kile zilichokuwa zikiokota. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kutoka huko kikaenea hadi Pemba na katika fukwe za bara. Wakulima wamepata kufikia zaidi ya elfu ishirini, wengi mno wao wakiwa wanawake, na mwani mkavu uliosafirishwa umewahi kupita tani elfu kumi kwa mwaka.

Kazi yenyewe ni ya kufuata mwezi. Maji ya bamvua yanapokupwa mbali, wanawake huteremka na vigingi na kamba, wakafunga vichipukizi kimoja kimoja kwa vijikamba vinavyoitwa taitai. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaubeba mwani mbichi hadi ufukweni na kuuanika. Kilo saba au zaidi za mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Mgongo unauma, macho yanawashwa na chumvi na mng'aro wa jua, na bei haipangwi na aliyeinama majini. Hata hivyo, asiyesema kwamba mwani umebadilisha maisha ya wanawake wa mashariki ya Unguja atakuwa hakusema kweli. Fedha ile ilinunua sare za shule na mabati, na zaidi ya hayo iliwapa wanawake sababu ya kutoka nyumbani isiyohitaji kuombewa udhuru.

Sasa msomaji, kwa kuwa unapenda maneno, tazama maneno yaliyokuja na kilimo hiki. Aina ya mwani yenye miiba laini iliitwa spinosum, kwa jina la kitaalamu lililokuwa likitumika na wanunuzi. Ile nene, yenye bei kubwa zaidi, ikaitwa kotonii. Kamba ndogo ikawa taitai. Kukawa na wakala, ghala, mizani, daraja na mkopo wa kamba, kwani kampuni za ununuzi zilitoa vifaa na mkulima akawajibika kuuza kwao. Kamusi nzima ya mwani ikazaliwa kwa muda mfupi, na karibu kila neno ndani yake ni la shamba au la soko. Hapakuzaliwa jina la mchuzi wala la kachumbari. Hakuna aliyewahi kubishana na jirani yake juu ya mwani uliopikwa ukaiva kupita kiasi. Mwani uliingia katika lugha kwa mlango wa fedha, ukakaa sebuleni kama mgeni wa biashara, na jikoni haukukaribishwa.

Madhara ya kukaa sebuleni yalionekana bei ilipoyumba. Kitu kinacholiwa kikikosa mnunuzi, mwenyewe hukila, au humpa jirani, au huwapa kuku. Kitu kisicholiwa kikikosa mnunuzi huwa ni takataka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa mahali pengi, kwa joto la maji ya kina kifupi na kwa maradhi yanayoufanya mwani uwe mweupe na kukatika. Wanawake wakabaki na spinosum, ambayo ni sugu zaidi lakini ina bei ndogo. Wahenga wametuonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Kwa muda mrefu jahazi la mwani limesafiria nyota iliyowashwa viwandani, katika nchi ambazo aliyefunga taitai hatazifika.

Tulinganishe na walioanza upande wa pili. Nchini Japani mwani mwekundu wa jamii ya nori ulikuwa chakula karne nyingi kabla haujawa somo la maabara. Wakulima waliulima bila ya kujua mbegu zake zinatoka wapi, hivyo mwaka mbaya ulikuwa msiba usio na maelezo. Mwaka 1949 mtaalamu wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, alichapisha ugunduzi wake kwamba mwani wa jamii hiyo hupitisha sehemu ya maisha yake ukiwa umejificha ndani ya makombe. Wajapani wakaitumia habari hiyo kuotesha mbegu wenyewe, na kilimo cha nori kikasimama imara. Bi Drew-Baker alifariki mwaka 1957 bila ya kufika Japani, lakini katika mji wa Uto amejengewa mnara, na kila mwaka hukumbukwa kwa heshima ya mama wa bahari. Sayansi ilipofika huko ilimkuta mlaji ameshaketi kwenye mkeka. Kwetu sayansi ilifika pamoja na mnunuzi, na mkeka haukutandikwa.

Hatuna haja ya kwenda mashariki ya mbali, maana Afrika nayo ina mwani wake wa kula. Mashariki ya Ziwa Chad, katika vidimbwi vya maji ya magadi vilivyo kati ya vilima vya mchanga, wanawake wa Kikanembu huchota utando wa kijani unaoelea, wakaumimina katika mashimo mapana waliyoyatengeneza mchangani. Maji hunywewa na mchanga, utando hubaki, hukaushwa na jua na kukatwa vipande. Wenyewe wanauita dihe. Hupondwa ukatiwa katika mchuzi wa kulia uji mgumu wa mtama au uwele. Mwaka 1940 mtaalamu wa Kifaransa Pierre Dangeard aliandika juu ya vipande vilivyonunuliwa sokoni Massakory, na miaka ya 1960 Mbelgiji Jean Léonard akauthibitishia ulimwengu kwamba ni spirulina. Ulimwengu ukashangaa, soko la Massakory halikuwa na la kushangaa. Wakanembu walikuwa na jina, na bei, na mapishi, na wakwe waliojua nani anapika dihe vizuri na nani hajui.

Spirulina hiyo hiyo, au ndugu yake wa karibu sana, imejaa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa: Natron kwetu, Bogoria na Nakuru nchini Kenya. Mlaji wake mkubwa ni heroe mdogo, yule ndege wa waridi ambaye wengi humwita flamingo. Heroe huinamisha kichwa juu chini na kuyachuja maji kwa mdomo, na rangi yake nzuri hutokana na chakula hicho. Kwa hivyo mashairi mangapi yaliyosifu wekundu wa heroe yamesifu mwani bila ya kujua! Watu wa maziwa hayo walichukua magadi, wakayatia katika maharage na mboga ili ziive laini, na kijani wakawaachia ndege. Pengine walifanya busara. Katika maji hayo huota pia aina nyingine ndogo zenye sumu, na vifo vya heroe kwa maelfu vimewahi kuhusishwa nazo. Anayefikiri atakwenda ziwani na chujio arudi na kitoweo, basi asimame hapa kwanza.

Turudi sasa Hasamba, na kwenye rovu. Uvimbe huo hutokana na upungufu wa kitu ambacho wizara na zahanati za Tanzania hukiita madini joto. Mwili huhitaji chembe tu, lakini zikikosekana tezi ya shingo huvimba, na mama mjamzito akizikosa, ubongo wa mtoto hudhurika kabla hajauona ulimwengu. Bahari ina madini joto. Ardhi ya milima iliyooshwa na mvua karne kwa karne aghalabu haina ya kutosha, na mahindi na maharage yaliyoota juu yake hurithi umaskini huo. Nyanda za juu za kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoathirika zaidi.

Na historia ya dawa hiyo ni historia ya mwani. Katika karne ya 4 tabibu wa Kichina Ge Hong aliagiza mwani kwa wenye rovu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akitengeneza shura ya baruti kwa vita vya Napoléon, alitia asidi nyingi mno katika majivu ya mwani, ukapanda moshi wa rangi ya urujuani. Na kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo madini yakapewa jina lake la kitaalamu, ayodini. Mwaka 1820 tabibu Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuyatumia kutibu rovu. Haya yote yalijulikana, lakini safari ya chembe hiyo kutoka pwani hadi milima ya Mbozi ilichukua muda mrefu sana. Haikuwa safari isiyowezekana, kwani chumvi yenyewe ilikuwa na njia zake. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika mkoa huu huu wa Songwe, chemchemi za chumvi zilikuwa zikichemshwa tangu kabla Mreno hajalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta huko marundo ya vigae vya kazi hiyo. Hata reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita Mbozi kuiunganisha nchi hiyo na bahari. Njia ilikuwapo, kilichokosekana ni azma. Mnamo katikati ya miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto vilianza kugawiwa katika wilaya zilizoathirika, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuitia chumvi madini hayo. Rovu likapungua kwa chembe iliyopanda mlima ndani ya chumvi, kitu ambacho tayari kilikuwa na jina katika kila chungu.

Hapo ndipo penye fundisho la makala haya. Chumvi ilishinda kwa sababu haikumtaka mpishi ajifunze kitu kipya. Chakula kigeni kinachokwenda mlimani kwa jina la lishe peke yake hukuta milango imefungwa.

Tuupime basi wito wa kuotesha spirulina nyumbani, kwa mizani isiyopunja. Inawezekana. Hutakiwa beseni pana au hodhi lenye kina cha shubiri moja, maji safi, magadi soda yaliyosafishwa, chumvi, mbolea kidogo ya naitrojeni isiyo na uchafu, na mbegu safi kutoka kwa mwoteshaji anayeaminika. Maji yakiwa makali kwa magadi, vijidudu vingi hushindwa kuishi, na huo ndio ulinzi wake. Hukorogwa mara kadhaa kwa siku, na mavuno huchujwa kwa kitambaa kizito, yakaliwa mabichi siku hiyo au yakakaushwa. Mmea huu hupenda joto la nyuzi 30 hadi 37. Usiku wa Mbozi una baridi, kwa hivyo mkulima wa Hasamba atahitaji paa la nailoni ngumu linalopitisha mwanga, na miezi ya Juni na Julai avumilie mavuno haba.

Atapata nini? Spirulina kavu ina protini kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake, na pia madini ya chuma na asili ya vitamini A. Lakini mtu hula gramu kumi hivi kwa siku, na protini ya gramu kumi hizo ni kama ile ya ukufi mmoja wa maharage makavu, ambayo Mbozi inayo. Vitamini B12 inayotangazwa ndani yake kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Na madini joto, kwa kuwa haitoki baharini, hayamo ya kutegemewa. Hata mwani wa Paje una madini joto machache ukilinganishwa na ule wa kahawia wa bahari za baridi. Kwa hivyo mama wa Hasamba asiache chumvi yake kwa ajili ya beseni la kijani. Beseni ni nyongeza ya mchuzi, hasa kwa aliye na ardhi ndogo na maji ya kupima. Anayeliuza kama mkombozi anauza maneno.

Lakini kwa kusema hivyo hatujalitupa. Tumelitoa tu mikononi mwa wahubiri wa lishe na kulirudisha mikononi mwa wapishi, ambako dihe imekaa salama. Huku visiwani jambo hilo limekwisha kuanza. Tangu mwaka 2006, kwa juhudi zilizomshirikisha mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, vikundi vya wanawake katika vijiji kama Kidoti, Bweleo na Paje vimefundishana kuusaga mwani na kutengeneza sabuni. Baadaye vikaja vyakula: keki, jemu, juisi, achari. Sabuni na jemu zinauzwa kwa watalii zaidi kuliko kwa majirani, na kwa hilo mwani bado uko sebuleni. Lakini mwanamke aliyejua kuufunga mwani kwa taitai sasa anajua pia kuuloweka ukatoka chumvi, na anajua uchemke kiasi gani ugande. Huo ni ujuzi ambao hautegemei bei ya ng'ambo.

Kinyozi hajinyoi, walisema wazee, na kwa muda mrefu tumeuchukua msemo huo kuwa ni amri. Mkulima wa Mbozi hakunywa kahawa yake, na wa Paje hakula mwani wake, si kwa ujinga wala kwa uvivu. Mazao yote mawili yalifika yakiwa yamekwisha kupangiwa midomo mingine. Kuligeuza hilo hakutaanza kwenye beseni wala kwenye mizani. Kutaanza siku ambayo mwani utapata jina la kupikiwa, jina ambalo bibi atalitamka akimwambia mjukuu, "Mwanangu, nenda kaniletee," na mjukuu asiulize ni kitu gani.